Yaya, Kiganja Kinawaka Moto

Leo tunaongea mambo ya mipini. Najua wengine mlikuwa mnangoja niendelee na zile barua za mahari, lakini vumilieni kidogo. Mahari haiozi kwa juma moja. Kiganja cha mtu kinaharibika.

Barua iliyonisukuma imetoka Kanyaruchinya, kando ya mji wetu wa Goma, kwa binti wa miaka 19. Anaandika: “Yaya, najifunza kuchora majina kwenye sufuria, pete na saa. Kalamu ya chuma nimeazimwa na mzee anayenifundisha. Nikifika sufuria ya tatu kiganja kinawaka moto, na usiku vidole vinakufa ganzi. Mzee anasema mkono wa mwanamke ni laini, kwa hiyo nizoee au niache. Nifanye nini kati ya hayo mawili?”

Mdogo wangu, usizoee na usiache. Badilisha mpini.

Nianze na huyo mzee, nisimvunjie heshima bure, maana kukufundisha ufundi wake ni jambo kubwa na wengi wanaufungia ndani. Ila mpini wake ulichongwa kwa mkono wake, au kwa mkono wa aliyemfundisha yeye. Kalamu ya kuchorea chuma haigongwi, inasukumwa. Kifundo cha mpini kinakaa kiganjani, kidole cha shahada kinalala juu ya chuma, dole gumba linaegemea kwenye sufuria yenyewe na kufanya kazi ya breki. Nguvu inaanzia begani, inateremka mkono mzima, inaishia kwenye ncha nyembamba kabisa. Na njiani nguvu hiyo yote inapita mahali pamoja tu, pale mti unapogusana na nyama ya kiganja chako. Kifundo kikiwa chembamba, au kikiwa kirefu kuliko mkono wako hadi kinakaa upande upande, mzigo wote unaangukia kidoa kimoja cha nyama, na chini ya nyama hiyo unapita mshipa wa fahamu unaokwenda vidoleni. Ndiyo sababu vidole vinakufa ganzi usiku, saa ambayo hata kalamu hujaishika. Uanamke haumo hapo. Mpe mwanaume mwenye kiganja kipana mpini mwembamba uone kama hataumia. Ataumia vilevile, ila yeye hatamwandikia Yaya.

Kabla hatujashika mti, sikia hili la afya. Pumzisha mkono huo siku kadhaa. Ganzi ikiendelea hata baada ya kupumzika, au ukianza kuangusha kikombe bila kujua kwa nini, nenda kituo cha afya. Mpini mzuri unazuia maumivu yajayo, hautibu mshipa uliokwisha kuumia.

Na kazi yako usiiache, maana kazi hiyo ina watu. Nani kwetu asiyejua habari ya sufuria za kuazimana? Arusi moja, matanga moja, na sufuria za mitaa mitatu zimechanganyika jikoni. Yenye jina inarudi. Isiyo na jina inapata mama mwingine. Huko kwenu mnalijua hilo kuliko sisi wa mjini: Kanyaruchinya ilipokea mahema ya waliokimbia vita mwaka 2012, ikayapokea tena kuanzia 2022, na sufuria za msaada zinatoka zote za ukubwa mmoja, rangi moja. Mama anayetaka herufi zake nne kwenye kifuniko anajua anachokitaka. Wewe mpe herufi zilizonyooka, mengine yatajipanga.

Sasa kipimo. Weka kifundo kwenye lile bonde linalojitokeza kiganjani ukikunja vidole kidogo. Nyosha kidole cha shahada juu ya chuma. Ncha itokeze mbele ya kidole kama sentimita 2, hata 2 na nusu, isizidi hapo. Kwa watu wazima wengi chombo chote, mti pamoja na chuma, kinaishia kama sentimita 10 hadi 12. Kwa mkono mdogo kinapungua, na hakuna aibu. Kikiwa kirefu mno, ncha inakuwa mbali na kidole kinachoiongoza: inayumba, inateleza, na mara nyingi inakoishia ni mkono wa kushoto ulioshika sufuria. Kikiwa kifupi mno, kidole kinakaa juu ya mstari unaouchora na unaanza kubahatisha.

Bila shaka chuma ulichoazimwa ni kirefu kwako. Usikikate, si chako! Tafuta chako. Tupa nyembamba iliyokwisha meno ni chuma kizuri, na ukipita Birere, hapa mjini, kwa wauza vyuma chakavu hutaikosa. Ukikipunguza, punguza upande wa mkia, ule unaoingia kwenye mti, kwa sababu upande wa ncha utapungua wenyewe kila ukinoa. Na chuma kigumu namna hiyo hakipindi, kinavunjika, na vipande vinaruka. Kikwaruze kwanza kwenye jiwe la mashine pale unapotaka kivunjike, kibane kwenye jiliwa, kifunike kwa kitambaa kizito, ndipo ukigonge. Macho uyakinge. Kama hujawahi kufanya, mwachie mhunzi, na umlipe kwa kumchorea jina.

Kisha njoo kwenye sabuni. Ndiyo, sabuni, ule mche wa kufulia. Kabla hujaharibu mti, kata kipande cha sabuni kinachojaa kiganjani na ukichonge kwa kisu mpaka kiwe kifundo unachodhani unakitaka. Kishike kama unavyoshika kalamu, kisukume juu ya meza dakika chache, halafu fungua mkono. Kiganja kikiwa na jasho kidogo, sabuni inaandika kila kitu: patang'aa pale panapobanwa sana, na pale ambapo mkono haugusi kabisa patabaki na alama za kisu. Panapong'aa sana punguza, pasipogusana ujue mti wako unahitaji kunenepa hapo. Chonga tena, shika tena. Wengi wanashangaa kuona kifundo wanachokipenda ni kinene kuliko walivyofikiri, sentimita 3 hadi 4 kwa upana, na kimeinama upande mmoja kidogo. Kiache kiiname. Kiganja chako nacho hakiko sawa pande zote. Mabaki ya sabuni fulia nguo, hakuna kilichopotea.

Jambo moja sabuni haitakuambia, kwa hiyo nakuambia mimi: upande wa chini wa kifundo upunguze uwe bapa. Kalamu inafanya kazi ikiwa imelala, karibu iguse sufuria. Kifundo kikiwa duara kote, tumbo lake linagonga kwenye bati, linainua mkono, na ncha inazama badala ya kwenda mbele. Ndipo unaona fundi anasukuma kwa meno yaliyokazwa na herufi yake inaishia shimo. Mafundi wa Ulaya waliochora sahani za shaba za kuchapishia picha walikuwa na kifundo kama uyoga uliokatwa nusu, na sababu ni hiyohiyo. Na ili usije ukadhani hiyo ndiyo njia pekee duniani: Japani wako mafundi wa kuchora chuma wasiosukuma kabisa. Wanagonga patasi ndogo kwa nyundo ndogo, tena patasi yenyewe ni chuma kitupu. Kiganja kikikukatalia moja kwa moja, hata wewe unaweza kuhamia kwenye kugonga. Lakini jaribu mpini kwanza.

Haya, mti.

Utaambiwa utafute mti mgumu kupita yote. Mimi nasema utafute mti mkavu kupita yote. Ugumu hauna kazi kubwa kwenye mpini wa kusukuma, kwa kuwa haupigwi. Ukavu ndio kila kitu. Mti mbichi ukitobolewa leo unashika chuma vizuri, ukikauka unanywea na kupasuka, chuma kinacheza ndani, na kalamu inayocheza ndiyo inayoteleza. Mkaratusi wetu, huu uliojaa kila kilima kuanzia hapa hadi Rutshuru, ni mti mzuri na wenye nguvu, lakini ukiukata mbichi na kuuanika juani utakupasukia mbele ya macho yako. Mti wa unene wa mpini unataka miezi kadhaa kivulini, huku miisho yote miwili imepakwa rangi au nta ya mshumaa, maana maji yanatokea hapo haraka kuliko ubavuni na hapo ndipo ufa unapoanzia.

Miezi hiyo huna. Basi tafuta mti uliokwisha kukaushwa na maisha ya mtu mwingine. Mpini wa jembe uliovunjika. Mguu wa kiti. Mkono wa chukudu mzee aliyestaafu, ile baiskeli yetu ya mti ya kubebea mizigo: mti huo umekula jua na mvua miaka, na mikono ya watu imeupiga msasa bila malipo. Nenda kwa mafundi wa chukudu, uwaamkie vizuri, uwaombe vipande vya kutupa. Wao wanajua mkaratusi na mumba kuliko mwanafunzi yeyote wa chuo, na kipande cha urefu wa kidole hawatakuuzia. Kisha kuna miti ya uani ambayo watu wanaidharau. Mpera ni mgumu na nyuzi zake zimebanana, unang'aa ukiusugua. Mkahawa mzee uliong'olewa, vilevile. Mlimau pia. Mparachichi ni mwepesi na laini, kwa mpini wa kusukuma unafaa, kwa wa kugongwa usithubutu.

Utajuaje kuwa umekauka? Uweke shavuni. Mti wenye maji una ubaridi unaoujua. Ugonge kwa mwenzake: mkavu unalia, mbichi unanung'unika. Na ukitaka uhakika, mwombe muuza viazi akupimie kwenye mizani yake leo, na juma lijalo tena. Ni vizuri upime vipande vingi kwa pamoja, maana kimoja hakitatikisa mizani. Uzito ukiwa umeshuka, maji bado yanatoka. Ukibaki palepale, chonga.

Ya kukataa pia nitaje. Mnyaa, ule wa uzio unaotoa maziwa, usiuchonge kamwe. Maziwa yake yakiingia jichoni utajuta. Mbao za rangi ya zamani usizipige msasa, vumbi la rangi hizo si la kuvuta. Na mbao za paleti, zile za chini ya mizigo, ambazo mjini Goma hazikosekani kwa sababu ya maghala ya misaada: geuza mbao utafute muhuri uliochomwa. Ukiona herufi HT, mbao ilitibiwa kwa joto, itumie. Ukiona MB, ilifukizwa kwa gesi ya sumu ya kuua wadudu, iache hapohapo, wala usiipikie. Isiyo na muhuri wowote, mimi naiacha.

Mpingo? Najua kuna mtu atauliza, daima kuna mtu anayeuliza mpingo. Ni mti wa heshima, Wamakonde wamepata jina duniani kwa huo, na klarineti za Ulaya zinatengenezwa kwa huo. Ni mzito hadi unazama majini. Kwa kutoboa shimo dogo lililonyooka katikati yake kwa msumari wa moto, nakutakia kila la heri.

Shimo ndiyo sehemu ambayo watu wanaiharakisha, kwa hiyo nitakaa hapo. Toboa shimo kabla ya kuchonga umbo, wakati kipande bado kina kona nne na kinakaa kwenye jiliwa bila kuteleza. Ukichonga kwanza kisha ukatoboa na shimo likaenda upande, umepoteza mti na siku. Ukitoboa kwanza na likaenda upande, unachonga umbo kulifuata shimo, na hakuna atakayejua. Shimo liwe jembamba kuliko mkia wa chuma. Mkia huwa na kona, shimo ni duara, na kinachowapatanisha ni moto.

Washa makaa nje, si ndani ya nyumba. Nimesema nje. Makaa ndani ya chumba kilichofungwa yameshaua watu wakiwa usingizini, na mpini haustahili hiyo. Sasa chukua kiazi kibichi kikubwa, chuma chako ukichomeke ndani yake upande wa ncha, kiasi cha nusu ya urefu. Kiazi kimejaa maji, kitalinda ncha isipate moto. Ncha ikipata moto hadi ikageuka rangi ya buluu, ujue ugumu wake umeondoka. Itanoleka, itakata mara mbili, italala. Upande wa mkia peke yake ndio unaopashwa, hadi wekundu wa gizagiza. Shika kiazi kwa kitambaa, sukuma mkia kwenye shimo, hesabu moja, mbili, toa. Moshi utatoka, usiuinamie. Gonga majivu yatoke. Rudia. Kila mara mkia unaingia zaidi na shimo linapata kona zake. Acha ukibakiza kama nusu sentimita. Ukichoma mpaka mwisho, kuta za shimo zinakuwa makaa matupu, na makaa hayashiki kitu.

Hiyo nusu sentimita iliyobaki inaingia ikiwa baridi, na hapa kuna ujanja ambao wachonga shoka wote wanaujua. Usigonge ncha. Shika mpini hewani, ncha ikitazama chini bila kugusa kitu, miguu yako ikae mbali, kisha ugonge kisigino cha mpini kwa nyundo ya mti. Mti unashuka kwa kila pigo, chuma kwa uzito wake kinachelewa, kwa hiyo kinazidi kuzama ndani ya mti. Unaona kabisa kikipanda. Mara ya kwanza kila mtu anacheka.

Mdomo wa shimo uufunge pete ili mti usipasuke. Kipande cha antena ya redio mbovu kinatosha kwa kalamu ndogo. Bomba jembamba la shaba la friji iliyokufa linatosha kwa kubwa zaidi. Uzi mgumu uliozungushwa na kutiwa gundi nao unafanya kazi, usiudharau. Mtu atakuja kukuambia kuwa ganda la risasi ni shaba na lina upana unaofaa kabisa. Huenda ni kweli. Usiliokote. Kwenye mawe ya kwetu hujui kipi ni ganda tupu na kipi bado kina kitu ndani, na wanaookota kwa wingi kuliko wote ni watoto. Mtoto akikuona wewe umeokota, kesho anakuletea zawadi.

Umbo lichonge kwa kisu, lisawazishe kwa tupa, kisha ukwangue kwa kipande cha kioo kilichovunjika, huku upande unaoshika umeuviringishia kitambaa. Kioo kinatoa maganda membamba kuliko karatasi na hakiachi mikwaruzo. Msasa mwishoni, kidogo. Usiung'arishe ukawa unateleza kama sahani, kiganja chenye jasho kinataka kushika kitu. Paka nta ya nyuki, sugua, basi. Mawese usipake! Hayakauki. Mpini utanata, utaokota vumbi la chuma lote, na baada ya mwezi kiganja chako kitakuwa cheusi kama cha fundi pikipiki.

Bado sijamaliza na wewe wa Kanyaruchinya, kwa sababu naona hata mpini ukiwa mzuri utaendelea kusukuma kwa nguvu, ni mazoea. Mambo mawili. Kwanza, kalamu butu inataka nguvu, kali haitaki. Iguse polepole juu ya ukucha wa dole gumba bila kukandamiza. Ikinasa, ni kali. Ikiteleza, rudi kwenye jiwe la kunolea, uso wa ncha ukiwa umeinama kama nyuzi 45. Pili, usizungushe mkono kufuata herufi, zungusha kazi. Shona mfuko wa ngozi au turubai nzito mara mbili, wa ukubwa wa kiganja na nusu, ujaze mchanga uliochekechwa, uukaze. Pete, saa, kifuniko cha sufuria, vyote vinakaa juu yake. Mkono wa kulia unasukuma mbele tu, wa kushoto unageuza kazi kwenye mfuko. Herufi O inachorwa hivyo. Mchanga mweusi hatuununui. Volkano yetu, Nyiragongo, ililipuka 1977, ikalipuka 2002, ikalipuka 2021, na katika yote iliyotunyang'anya, huo imetuachia bure.

Mzee usibishane naye. Mpini ukiwa tayari, mwombe aujaribu. Atasema ni mdogo. Mwambie ndiyo, mzee, ni mdogo.

Barua ya pili ni ya kijana wa hapahapa mjini anayechonga mbao: vinyago, miko, misalaba ya makaburi. “Yaya, mipini ya patasi zangu inapasuka juu kila baada ya majuma machache. Nanunua mipya, inapasuka tena. Ni mti mbaya au ni mimi nina nguvu?”

Papa, nguvu unazo, nakuamini, ila wewe ni mtu wa kugonga na karibu kila nilichomwambia dada yako hapo juu kigeuze. Wewe ugumu unauhitaji. Wewe mpini mfupi wa kiganjani hauna kazi nao, unataka mrefu wa kujaa ngumi na kubakiza kidogo juu, sentimita 12 hadi 15. Na nyuzi za mti wako lazima zikimbie moja kwa moja kutoka juu hadi chini. Nina shaka kubwa kuwa mipini unayonunua imekatwa kwa msumeno kutoka kwenye ubao wowote uliokuwapo, nyuzi zinatokea ubavuni. Pigo likishuka linafuata uzi na kutoka nao. Chukua gogo la mpera au mkaratusi mkavu ulipasue kwa shoka, usilikate kwa msumeno. Shoka linafuata uzi wenyewe, likikupotosha utaliona.

Nitakuuliza na hili, ujibu kimoyomoyo: unagonga kwa nyundo gani? Kama ni ya chuma, hata mti wa Nabii Nuhu utapasuka. Chonga nyundo ya mti. Juu ya mpini visha pete ya pili, au kata kiduara cha tairi ukipachike kwa gundi, na kingo zote uziondoe ziwe mviringo, maana pigo linaloangukia kwenye kingo ndilo linaloanzisha ufa. Chini, chuma kiwe na bega linalokaa juu ya mti na si mkia mtupu, la sivyo kila pigo linauzamisha mkia na kuupasua mti kama kabari. Patasi isiyo na bega mpelekee mhunzi. Springi ya gari kuukuu inatoa patasi nzuri yenye bega lake.

Na uzipe sura tofauti. Ya mdomo bapa iwe na pembe nane, ya mdomo wa mviringo iwe duara yenye mkato mmoja kwa kidole gumba. Yenye pembe nane haiviringiki kuanguka mezani, halafu mkono unajua umeshika ipi huku macho yako yako kwenye kinyago.

Dada mmoja kauliza kwa mstari mmoja tu: anunue au atengeneze? Chuma nunua, mti tengeneza. Kama una feza ya kitu kimoja tu, nunua jiwe zuri la kunolea.

Wa mwisho anataka kuuza mipini, na ananiuliza bei. Bei siijui, inategemea mtaa wako na aliyesimama mbele yako. Ninachojua ni kwamba usitengeneze hamsini ya saizi moja ukaipanga chini sokoni, kwa kuwa mpini usiolingana na mkono ndio uliomfikisha binti wa Kanyaruchinya kwenye ganzi. Kaa na vipande vyako vikavu, vimeshatobolewa, havijachongwa. Mteja akija, mpe mche wa sabuni na kisu, mwache ahangaike nao huku mnaongea. Sabuni iwe yake, alipe. Akikurudishia umbo lake, chukua nusu ya feza hapohapo, mwambie arudi kesho na chuma chake. Asiporudi, utafulia.